Fuma kwa Kireno

Watu wakiniuliza niliachaje sigara baada ya miaka ishirini na saba, huwajibu kwamba niliacha kwa Ramadhani. Si uongo, ila ni nusu ya habari. Nusu iliyobaki ina neno moja ndani yake, na pazia la kijani, na kaka yangu mkubwa. Kwa muda mrefu sikupenda kuisimulia kwa sababu mimi mwenyewe sitoki vizuri humo.

Kaka amenizidi miaka tisa. Kazi yake ilikuwa kufuma nyavu, na sauti yake ndiyo iliyoadhini katika msikiti mdogo wa mtaa wetu hapa Palma tangu mimi sijaota ndevu. Sigara hakuwahi kuigusa. Mimi nilikuwa tarishi wa ofisi ya wilaya, nikipeleka makaratasi ya serikali huku na huko kwa miaka kumi na mmoja mpaka walipotupunguza, na huko nilijifunza Kireno. Kuvuta nilikuwa nimeshajifunza zamani, bila mwalimu. Nilianza na tumbaku ya kusokota kwenye gazeti, nikahamia kwenye sigara za Mtwara zinazouzwa moja moja kibandani.

Alasiri nilikuwa nakaa barazani kwake. Wavu umefungwa kwenye nguzo, yeye kashika sindano yake ya mti kwa vidole viwili, mkono unakwenda na kurudi, na kila anapofika mwisho wa uzi anaupeleka mdomoni na kuukata kwa meno. Mimi pembeni yake sina kazi, navuta. Upepo wa kutoka baharini ulichukua moshi wote ukampelekea yeye.

"Huo moshi wako unanipenda mie kuliko mke wangu," alikuwa akisema, akipunga hewa kwa kiganja, kisha anaendelea kufuma.

Hakuwahi kuniambia nihame. Hilo ndilo baya lake, ni mpole kupita kiasi, na mtu mpole hukufanya usahau kwamba unamkosea.

Kisha gesi ikaonekana chini ya bahari, na Palma ikabadilika mbele ya macho yetu. Magari meupe yalipita yakiwa yamefungwa vioo. Pale Afungi uzio wa kambi ya gesi uliinuka, na ndani ya uzio nyumba za mabati zenye baridi, na watu wanaokula mara tatu kwa siku ambao lazima wapikiwe na kufuliwa. Hata bibi asiyejua salamu ya Kireno alijua kutamka "serviço" na "contrato", yaani kazi na mkataba. Wakati huohuo nyavu za kiwandani zilikuwa zimejaa madukani, tayari zimefumwa, na wavuvi wakaacha kupita barazani kwa kaka. Akakaa wiki nzima na wavu mmoja usio na mwenyewe. Siku walipotangaza kwamba wanatafuta watu wa jikoni na wa kufua nguo, alivaa kanzu yake nyeupe akaja kuniita twende tukaandikishe majina.

Kabla ya kazi kulikuwa na kupimwa afya. Walipiga hema uwanjani, ndani wakagawa kwa mapazia, na huko mbele akakaa muuguzi mmoja kijana aliyeletwa kutoka kusini, mwenye adabu na macho ya uchovu. Mkalimani hakufika siku hiyo, walisema ana homa. Kwenye foleni maneno yalikuwa ni hayo kwa hayo: mvuta sigara hachukuliwi, maana kule ni gesi, atatuchoma wote. Mimi njiani nilikuwa nimevuta tatu kwa woga. Basi nikajaza karafuu mdomoni na kutafuna mpaka ulimi ukafa ganzi.

Kaka aliitwa kabla yangu. Mimi nikasimamishwa nje ya pazia la kijani, karibu kiasi cha kuona ndani kupitia upenyo. Muuguzi alimwita "papá", kama wanavyoita wazee kwao, akamkalisha, akachukua kalamu.

"Fuma?" akamuuliza.

Kwa Kireno, fuma ni kuvuta sigara. Alikuwa anauliza, mzee unavuta? Lakini kaka Kireno chake ni cha sokoni, na neno lile lilikuwa lake. Katika maneno yote ya wageni wale, hatimaye kumekuja moja analolijua, tena linalomhusu. Nilimwona uso unamchangamka.

"Fuma," akajibu. "Fuma sana, bibi. Muito."

Akaulizwa miaka mingapi. Neno la miaka analijua, limo kwenye kitambulisho. "Trinta," akasema, thelathini, kwa fahari. Akaulizwa ngapi kwa siku. Siku pia anaijua, maana ni ileile ya kwenye salamu yao ya asubuhi, bom dia. Akafikiri kidogo, maana si mtu wa kutia chumvi, akasema kumi, na siku nzuri kumi na tano. Alikuwa anahesabu dhiraa za wavu. Halafu, ili yule binti aelewe vizuri, akamwonyesha: akabana vidole viwili kama vimeshika sindano, akapeleka mkono mbele na nyuma, kisha akauleta mdomoni kukata uzi.

Muuguzi alitikisa kichwa kwa huruma, akaandika. Alipomwekea kile chombo cha kusikilizia kifuani, kaka akakohoa, kwa sababu wiki ile alikuwa na mafua. Akaandika tena.

Ilitakiwa sentensi moja tu. Niseme, doutora, samahani, huyu ni mfuma nyavu. Sentensi nilikuwa nayo, Kireno nilikuwa nacho, na kutoka nilipo mpaka pale hakuna hatua nne. Nilichokuwa nacho pia ni harufu ya sigara tatu chini ya karafuu, na niliogopa kwamba nikifungua mdomo ataisikia. Nikanyamaza. Zamu yangu ilipofika nikakaa kwenye kiti kilekile, bado kina joto la kaka.

"Fuma?"

"Não, doutora," nikakana, nimegeuza uso pembeni kama mtu anayeona haya.

Orodha ilipobandikwa mimi nilikuwa nafaa, kaka hafai. Alimwomba karani amsomee sababu, na karani, ambaye ni mtoto wa hapahapa, akamsomea kwa Kiswahili mbele ya watu: mzee, umeandikwa mvuta sigara, miaka thelathini, kumi hadi kumi na tano kwa siku. Watu wakacheka. Kaka naye akacheka, akidhani ni mzaha. Alipoona karani hacheki, akanigeukia mimi.

"Ntu wa sigara ni mie?" akauliza taratibu.

Nilisema wamekosea, makaratasi yamechanganyika. Hivyo ndivyo nilivyosema.

Sijui kama mtu wa mji mkubwa anaweza kuelewa jambo hili lilikuwa zito kiasi gani. Mwadhini, mtu wa kanzu nyeupe, kumbe miaka thelathini anavuta kwa siri, na daktari kamfichua. Mji ulipata cha kutafuna. Shemeji yangu, mke wake, mwanamke mwenye akili timamu, alianza kunusa nguo kabla ya kuzifua, na harufu aliikuta kweli, maana mimi nilikuwa nikimfukizia kila siku. Kaka alijitetea kwa kusimulia jinsi yule muuguzi alivyokuwa mstaarabu. "Hata kazi yangu aliniuliza," aliwaambia watu. "Alitaka kujua nimeanza lini na kwa siku natoa kiasi gani. Watu wetu wenyewe hawaniulizi hayo." Kila aliposema hivyo nilitazama chini. Mimi peke yangu katika mji ule ndiye niliyejua, na nilikuwa nimeshapewa kitambulisho cha kazi chenye picha yangu.

Nikaanza kazi ya kufua Afungi. Getini walitupekua, kiberiti kikionekana umerudi nyumbani. Basi nikawa navuta kabla ya kupanda basi la wafanyakazi na mara ninaposhuka, mbili mbili, kama mtu anayekimbizwa.

Baada ya wiki kadhaa nikasikia sauti nyingine inaadhini. Nilidhani kaka anaumwa. Nikamkuta barazani, wavu uleule kwenye nguzo, lakini hafumi.

"Nimewaachia wenye pumzi," aliniambia. "Nimefikiri sana, mdogo wangu. Kile chombo hakina ugomvi na mie, kitanisingizia kwa nini? Kimesikia kitu humu kifuani. Labda ni moshi wako. Miaka yote hii umekaa hapo, mie nimekaa hapa."

Hakusema kwa hasira. Angekasirika ningepata pa kushikia, ningebishana. Aliongea kama anayenipa habari ambayo itanisikitisha, akitafuta maneno ya kunipunguzia. Sigara ilikuwa mkononi mwangu, imewashwa. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe, na bado sikusema.

Niliamua kuacha sigara. Ninayajua mawazo yangu ya siku ile: karatasi yangu inasema sivuti, basi nisivute, nayo itakuwa kweli, na mambo yatakuwa yamelingana. Watu hunisifu kwamba kuacha ni kazi ngumu. Ni ngumu sana. Lakini kwangu ilikuwa rahisi kuliko kufungua mdomo.

Ramadhani ilikuwa imekaribia. Mvuta sigara aliye Mwislamu ana siri yake, anajua kwamba anaweza kushinda bila sigara, maana kila mwaka anashinda hivyo siku ishirini na tisa au thelathini. Taabu yake ni magharibi. Mimi miaka yote nilikuwa nafuturu kwa sigara kwanza, tende baadaye, na kaka alikuwa akigeuza uso asinione. Mwaka ule jioni ya kwanza nilikula tende, nikanywa maji, nikaikamata meza kwa mikono miwili. Mke wangu akaniuliza nina nini. Nikamwambia sina kitu. Nikala tende nyingine, na nyingine, mpaka kisahani kikaisha na watoto wakanikodolea macho.

Siku zile sitaki kuzisema sana. Niligombana na mlango. Nilimfokea jirani kwa sababu jogoo wake alikuwa na afya. Mikono haikujua iwekwe wapi; nilipokaa barazani kwa watu niliificha chini ya mapaja. Usiku nilitafuna mua, mihogo mibichi, karafuu, vijiti. Mke wangu, ambaye kwa miaka ishirini aliniomba niache, siku ya tisa aliniambia, "Mume wangu, kavute moja, kwa ajili yetu sisi." Sikuvuta, kwa ubishi tu.

Niliteleza mara moja, baada ya Idi, nilipokwenda Quionga kwa wakwe kusaidia kufua nazi. Mzee mmoja akanisokotea tumbaku ya shambani, nikajibanza nyuma ya lundo la makumbi nikavuta. Dunia ikazunguka, nikatapika futari yote ya mwezi mzima, na mama mkwe akaniuguza siku mbili akidhani ni malaria. Hiyo ndiyo ya mwisho.

Ikapita miezi mitano. Nikaanza kusikia harufu za vitu, hata za sabuni tunayofulia. Nilitegemea kwamba na moyo utapata nafuu, lakini haikuwa hivyo. Kaka alikuwa amekonda. Alitembea polepole, na nikagundua kwamba kila baada ya hatua kadhaa anasimama, anaweka kiganja kifuani, anatulia, halafu anaendelea. Nikamuuliza kama kuna maumivu. Akasema hapana, anasikiliza tu.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mimi nilidhani anaumia kwa aibu ya msikitini. Kumbe alikuwa anaogopa kufa.

Siku zilezile hema likapigwa tena, kupima watu wa awamu ya pili, na muuguzi ni yuleyule. Nikaenda kwa kaka, nikakaa, nikamwambia haraka haraka kabla sijabadili mawazo: fuma kwa Kireno si kufuma. Ni kuvuta. Alikuuliza kama unavuta sigara, nawe ukasema sana.

Mabega yakaanza kumtikisika, nikajua anacheka. "Miaka thelathini," akasema. "Na kumi na tano siku nzuri." Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanzu, akamwita mkewe aje asikie. Nami nikacheka nao. Nilikuwa nimemwambia neno, sikumwambia pazia.

Kesho yake tukaenda pamoja. Safari hii mimi ndiye mkalimani. Nilimweleza muuguzi kwa Kireno kizuri kabisa, na nilipofika kwenye kukata uzi kwa meno akaziba mdomo kwa mkono wake kwa kucheka na kwa haya. Alimwomba kaka radhi mara tatu. Akamsikiliza kifua mbele na nyuma, akasema kizima kama cha kijana. Akaitafuta karatasi ya zamani, akaipiga mstari, akaanza nyingine. Kalamu ikasimama. Alikuwa anatazama orodha ya siku ile, majina mawili yanayofuatana yenye jina moja la baba.

"Wewe ulikuwa nyuma yake," akaniambia. "Na Kireno unajua hivi. Kwa nini hukusema?"

"Anasemaje?" kaka akauliza.

Ningeweza kumdanganya. Kati yao hapakuwa na njia ila mimi. Ningesema anauliza umri wako, na huyu angeamini, na yule asingejua. Nilifikiria hivyo, sikatai. Lakini nilimwona kaka amekaa kwenye kile kiti, mkono bado uko kifuani kwa mazoea, na nikashindwa.

"Anauliza," nikasema, "mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nikasikia kila kitu. Kwa nini sikusema."

Uso wake haukubadilika. "Nijibu mie kwanza," akasema. "Yeye baadaye."

"Nilikuwa nimetoka kuvuta. Niliogopa nikisema atasikia harufu, nitakosa kazi."

Nje ya hema watu walikuwa wanaitana majina. Kaka alifunga vifungo vya kanzu yake kimoja kimoja, kuanzia chini.

"Mie nilishamwonyesha mke wangu sanda ilipo," akaniambia. Halafu akamshukuru muuguzi, "Obrigado, bibi," akapokea karatasi yake, akatoka.

Nilibaki. Nikamwambia yule binti kwamba na karatasi yangu ilikuwa ya uongo. Aliandika upya, aliyekuwa mvutaji, miezi mitano, na wakubwa wakaniita wakanionya kwa maandishi, kazi wakaniachia. Kusema kweli siku hiyo wangenifukuza nisingejali. Nilipokuwa narudi mtaani kaka alikuwa ameshafika kwa miguu, na alasiri ikaadhiniwa kwa sauti yake. Niliisikia nikiwa njiani. Alivuta ile pumzi ndefu ya mwisho bila kukatisha, nikasimama barabarani nikalia, na bodaboda zikawa zinanipigia honi.

Hakusema nami siku tisa. Salamu aliitikia, kwa sababu ni wajibu, basi. Shemeji aliniambia karatasi ile mpya ameikunja na kuiweka palepale penye sanda, badala ya kuipeleka kuombea kazi. Nilipita mbele ya baraza yake kila jioni nikishuka kwenye basi, naye yupo, kainamisha kichwa, mkono unakwenda na kurudi. Alikuwa ameanza tena kufuma, ule wavu usio na mwenyewe.

Siku ya kumi nilipopita akaniita kwa mkono. Nikakaa mahali pangu pa zamani. Mikono yangu, kama kawaida yake tangu niache, haikujua pa kwenda, nikaificha chini ya mapaja. Aliiona. Akachukua sindano ya pili kutoka kwenye kikapu, ile ya marehemu baba yetu, akaishika mbele yangu kwa vidole viwili. Kisha akainua nyusi kama yule muuguzi, akaibana sauti yake kama ya mtoto wa kike wa kusini.

"Fuma?" akaniuliza.

Nikaipokea. "Nifundishe," nikamwambia.